Masomo Saba ya Kitungani

Mélanie hakujua kusoma hata jina lake, lakini kufikia mwaka 1961 alikuwa amefika mwaka wa pili wa shule ya walimu. Alifika huko akiwa ameketi kwenye kigoda, uani kwake katika mtaa wa Kikula, mchi mkononi, akitwanga mizizi ya kutengenezea munkoyo, kile kinywaji cha mahindi alichouza sokoni. Mbele yake alisimama mwanawe Cyrille, kitabu kikiwa kimefungwa, akimweleza jinsi damu inavyozunguka mwilini.

Walikuwa wawili tu. Mumewe, Mathieu, alifanya kazi katika viwanda vya shaba vya Panda hadi kifua kilipomshinda, mwaka 1957. Nyumba yao, ya kambi ya kiwanda, ilikuwa ya mfanyakazi, na mfanyakazi alipozikwa, nyumba ilipewa mwingine. Mélanie akahamia Kikula, akajenga kwa matofali mabichi vyumba viwili na jiko la nje. Kwenye bahasha mji uliandikwa Jadotville. Midomoni mwa watu ulikuwa Likasi, kama zamani.

Cyrille aliingia shule ya walimu mwaka 1958, akaanguka mwaka wa kwanza. Haikuwa kwa uvivu. Alisoma kama vijana wote wa mtaa ule walivyosoma: akitembea uani huku na huku, kitabu usoni, akipaza sauti mpaka kuku wakimbie. Majirani walimsifu mama yake. Ndiyo maana matokeo yalipotoka na mtoto akaambiwa arudie darasa, Mélanie hakuelewa. Alimtazama wiki nzima akisoma vilevile, kisha siku moja akaweka mchi chini.

"Cyrille. Unasoma nini pale?"

"Mapafu, Mama."

"Funga buku. Mapafu inafanya nini?"

"Mapafu ni... mapafu iko..." Akafungua kitabu.

"Apana, funga. Ile iko ndani ya buku. Minye nauliza ile iko ndani yako."

"Mama, weye hujui mambo ya masomo."

"Kweli, sijui. Njo maana uniambie. Kama mutu mwenye hajui anasikia, basi unajua. Kama hasikii, unaimba tu."

Cyrille alikasirika, akaingia ndani. Baada ya kitambo akatoka, akachuchumaa kando ya kinu, akaanza upya, polepole, bila kitabu. Alikwama mara tatu. Kila alipokwama alirudi kusoma ukurasa ule tu, akaufunga tena. Jua lilipokuwa likishuka nyuma ya lundo la mabaki ya viwanda, Mélanie alikuwa amejua mapafu ni nini, na amejua pia kitu kilichomuua mumewe.

Kwa kuwa hakujua kuandika, alitaka kila somo lipewe kitu cha kushikika, ili akumbuke lipi limesemwa na lipi bado. Cyrille ndiye aliyechagua. Mapafu yakawa kipande cha sifongo. Madini yakawa kijiwe cha kijani, vile vinavyookotwa barabarani kote Likasi. Somo jipya liliingia katika kitunga kilichoning'inia kwenye msumari wa jikoni. Mélanie akilielewa lote, kitu chake kilihamia katika kopo tupu la maziwa ya unga. Na kila Jumamosi alitia mkono koponi bila kutazama, akatoa kimoja. Cyrille akilieleza tena vizuri, kilirudi koponi. Akibabaika, kilishuka kitungani, hata kama kilikwisha kukaa koponi miezi mitatu.

"Mama, weye iko mubaya kupita inspecteur wa masomo."

"Inspecteur anakuya mara moja kwa mwaka. Minye niko hapa kila siku."

Zilikuwepo siku ambazo kijana alirudi amechoka, hataki hata kuona kitabu. Siku hizo Mélanie hakugomba. Alitoa kitu kimoja kitungani, akakiweka juu ya kigoda kitupu kilichomkabili.

"Hiki tu. Kisha uende ukacheze."

Mara nyingi kimoja kilivuta cha pili, na cha pili kikavuta cha tatu. Mara nyingine kilikuwa kimoja kweli, na kijana akaenda zake. Mélanie hakumrudisha, kwa sababu alikuwa ameahidi.

Mtaa ulicheka. Aliyecheka kwa sauti zaidi alikuwa Radjabu, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye wazee wake walitoka upande wa Kasongo.

"Mama Cyrille! Utapata diplome mbele ya mutoto!"

"Na weye, Papa Radjabu, utanishonea robe ya siku ile."

"Nitashona! Na bifungo juu, mpaka kwa shingo!"

Naye Radjabu huyo huyo ndiye aliyempa Cyrille vifungo na nyuzi kila alipokosa kitu cha kuwa alama ya somo.

Mwaka wa kurudia, Cyrille alipita. Mwaka uliofuata, ambao ndio Katanga ilijitangaza nchi peke yake na watu wakaanza kuulizana makabila kabla ya kusalimiana, shule ilifungwa ikafunguliwa mara kadhaa, lakini kitunga hakikukauka. Kopo lilipojaa, likapatikana la pili. Wanawake wa sokoni walizoea kumsikia Mélanie akiwaeleza kwa nini munkoyo huchacha, na walizoea pia kumwambia anyamaze auze.

Mwanzoni mwa Julai 1961 matokeo yakatoka. Cyrille alishinda masomo yote isipokuwa hesabu na sayansi. Alitakiwa kuyafanya tena Jumatatu, tarehe 25 Septemba. Akishinda, ataingia mwaka wa tatu. Akishindwa, shule haitampokea tena, kwa kuwa alikwisha kurudia mara moja.

Mélanie alishusha makopo mawili, akamwaga vitu vyote juu ya mkeka, akaanza kuvitazama kimoja kimoja. Cyrille alisimama mlangoni.

"Mama. Bingine hukuvisikia."

"Namna gani?"

"Ulikuwa kwa soko. Nikavitosha mu kitunga, nikavitia mu kopo. Ulikuwa unafurahi ukiona kitunga iko mwepesi."

Mélanie akaweka chini kile alichokuwa ameshika. "Ni bingapi?"

"Kumi na kimoja."

Hakumpiga, wala hakupandisha sauti. Alimwambia avitenge mwenyewe. Cyrille akavitenga kumi na kimoja, akavirudisha kitungani mbele ya macho yake. Kisha Mélanie akamwambia maneno ambayo baadaye yeye mwenyewe alikuja kuyabeba kama mzigo: "Kopo haidanganywe. Ukinidanganya minye, si kitu. Lakini kopo, hapana."

Walianza upya. Julai na Agosti Cyrille hakuyakimbiza masomo tena. Alichukua lile lililomwogopesha zaidi kwanza, asubuhi, akili ikiwa bado safi, akaliacha jepesi kwa alasiri. Alipokosea hesabu hakufuta; aliliacha kosa lake karatasini, akaandika sahihi chini yake, ili aone mguu ulipoteleza. Alikwenda taratibu, maana sasa Mélanie naye alikuwa mkali zaidi na aliuliza "juu ya nini?" mpaka kijana akashika kichwa. Kufikia katikati ya Septemba, vinne vilikuwa vimehamia koponi kwa haki. Vilibaki saba: kipande cha kioo, msumari uliopinda, unyoya wa kanga, kaa la ndani ya betri, uzi wa buluu wenye fundo, mbegu ya boga, na kifungo cheupe cha matundu manne.

Tarehe 13 milio ya bunduki ikasikika pembeni ya mji. Askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamezingirwa huko na askari wa Katanga, watu wakasema, na wengine walikuwa njiani kuja kuwaokoa kwa kupitia daraja la mto Lufira. Siku ya pili yake, Alhamisi asubuhi, wanaume wenye sare ya Katanga walipita Kikula nyumba kwa nyumba wakiandika majina ya vijana. Walitaka mikono ya kuchimba mahandaki na kubeba masanduku kule mtoni. Siku tatu au nne tu, walisema. Lori litaondoka king'ora cha kiwanda kitakapolia saa sita. Cyrille aliandikwa, na Constantin, mwanafunzi mwenzake, aliandikwa.

Mélanie alimfungia mihogo ya kuchemsha na blanketi. Cyrille alikuwa amekwisha kushusha kitunga, amekaa kwenye kigoda chake.

"Mama, kuya. Tuko na masaa mbili mbele ya sirene. Biko saba tu, na nilivisoma byote. Nikirudi nitakuwa nimesahau."

Mélanie alitazama kitunga. Alimkumbuka mama yake mzazi, aliyekuwa msusi wa mikeka kijijini karibu na mto huo huo wa Lufira. Kila baba alipoondoka kwenda kuvua siku nyingi, mama aliacha ukingo wa mkeka mmoja wazi, bila kuufunga. Kazi iliyoachwa katikati humwita mtu, alisema. Aliyemaliza kila kitu nyumbani ana sababu gani ya kurudi? Na baba alirudi kila mara, na ukingo ulifungwa yeye akiwa amekaa pale, miguu imelowa.

"Apana," Mélanie akasema. "Biache."

"Mama! Weye njo uliniambiaka kazi ya leo isilale!"

"Leo iko tofauti. Biache vile. Vitakuita."

Cyrille alimwelewa, kwa sababu hadithi ya mkeka alikuwa ameisikia tangu utotoni. Akacheka kidogo. "Basi nimefungwa kamba saba."

"Njo vile."

"Lakini hiki kimoja tu, Mama. Kimoja, kisha niende nikacheze." Alikuwa ameshika kile kifungo cheupe, anamwigiza sauti yake.

Mélanie alikichukua mkononi mwake, akakirudisha kitungani, akakining'iniza kitunga msumarini. King'ora kilipolia alimsindikiza mpaka barabarani. Radjabu alitoka dukani na cherehani ikiwa bado inazunguka, akamvisha kijana koti kuukuu. Lori likaondoka kuelekea Lufira. Miti ya jakaranda ilikuwa imeanza kutoa maua, na barabara ilikuwa na michirizi ya zambarau palipopita magurudumu.

Constantin alirudi Jumatatu, kwa miguu, midomo imepasuka. Alikuja kwa Mélanie kabla ya kwenda kwao. Alisema walichimba siku mbili. Jumamosi risasi zikaanza, na ndege juu, na vijana wakatawanyika. Yeye alikimbilia kilimani. Alimwona Cyrille akishuka kwenye matete upande wa mto, blanketi begani. Hakumwona tena. Walipoitana jioni, watatu hawakuitika.

"Alikuwa na jeraha?"

"Apana, Mama. Alikuwa anakimbia muzuri."

Mélanie alishika maneno hayo: anakimbia muzuri. Alikwenda mpaka alikoruhusiwa kufika kwenye barabara ya Lufira, mara mbili, akarudishwa. Aliuliza hospitalini, akauliza misheni, akauliza madereva. Tarehe 25 Septemba alijifunga kitambaa kizuri, akatembea mpaka shuleni, akasimama nje ya dirisha la darasa. Mwalimu alisoma majina. Alipofika kwenye la Cyrille alilisoma mara mbili, akangoja kidogo, kisha akaandika kitu. Mélanie hakujua kusoma, lakini alijua ameandika nini.

Constantin, aliyekuwa na mtihani huo huo, alishinda. Alikuja kumwambia, na aliona aibu kama mtu aliyekula peke yake. Macho yake yakaangukia kitunga.

"Mama, masomo ile iko mu kitunga, naijua. Tuliisoma pamoja. Nikuelezee, hata leo. Ili moyo utulie."

"Usiiguse!"

Constantin akarudi nyuma.

"Nisamehe, mwanangu," Mélanie akasema, sauti imeshuka. "Nikivisikia byote, nini itamuita?"

Basi vitu saba vikakaa. Mvua zilikuja, Mélanie akaendelea kutwanga na kuuza, na kila asubuhi alishusha kitunga, akavipangusa unyevu kimoja kimoja, akavirudisha. Sokoni hakueleza tena kwa nini munkoyo huchacha. Walio karibu naye walijua kilichokuwa kinamla. Alikuwa na saa mbili mkononi siku ile, na kijana alimwomba. Kama angerudi, saa mbili zile zingekuwa hekima ya bibi yake. Kwa kuwa hakurudi, alikuwa amemfungia mtoto mlango akiwa na neno mdomoni.

Januari 1962 akaja Germaine, binti wa nyumba ya tatu, miaka kumi na miwili, aliyekuwa akirudia darasa la sita. Alisimama uani na daftari kifuani.

"Mama Cyrille, banasema weye unasikilizaka batoto."

"Nilikuwa nasikiliza. Niliacha."

"Nisikilize minye. Kwetu kila mutu ananiambia soma, soma. Hakuna mwenye kunisikiliza."

Mélanie alitaka kumfukuza. Badala yake akauliza, kwa mazoea ya ulimi tu: "Unasoma nini?"

"Mito ya Congo."

"Funga buku."

Hivyo ndivyo alivyoanza tena, bila kukusudia. Alimpa msichana bakuli lake mahali pa kitunga, vitu vyake vyenyewe, na kopo moja kati ya yale mawili. Germaine alikuwa mwepesi na mwenye maneno, na alichukia kushindwa. Akikwama alijipiga paja, akafungua ukurasa, akafunga, akaanza. Wiki zikapita.

Jumamosi moja ya Machi, mvua ikipiga bati, Mélanie alikuwa anachuja munkoyo, mgongo umeelekea mlango. Germaine alikuwa ameanza kueleza somo lake jipya: mwanga husafiri ukiwa umenyooka, ukipiga kitu laini chenye kung'aa hurudi, na hurudi kwa pembe ile ile uliyojia. Alieleza vizuri. Mélanie aliuliza juu ya nini ukuta haumwonyeshi mtu uso wake, naye Germaine akajibu: ukuta una mikwaruzo, mwanga unarudi umetawanyika kila upande, haukusanyiki.

"Umesema muzuri," Mélanie akasema, akageuka. "Kitu yake iko wapi?"

Germaine akanyosha kiganja. Ndani yake mlikuwa na kipande cha kioo.

"Nilikosa kitu, Mama. Nikatwaa hiki mu kitunga ile ya juu. Niliona kiko pale tu."

Mélanie alikaa chini kwenye sakafu yenye maji. Msichana aliogopa, akataka kukirudisha msumarini. Na kwa pumzi moja Mélanie alitaka hivyo hivyo: kirudi kitungani, mvua iendelee, isiwe imesikika. Lakini alikuwa amesikia. Alikuwa amelielewa somo mpaka mwisho, na hakuna namna ya kutoelewa tena. Alimwona Cyrille mlangoni, mwezi wa Julai, akikiri kuhusu vile kumi na kimoja, na akasikia sauti yake mwenyewe ikisema kopo haidanganywe.

"Lete," akasema.

Akanyosha mkono, akakitia kioo katika kopo la Cyrille. Kililia kidogo kilipogusa chuma. Ndipo alipolia yeye, kwa sauti, kama ambavyo hakulia Septemba, mpaka Radjabu akavuka barabara kwenye mvua na kanga ya mkewe kichwani kuja kuona nani amefariki. Alimtazama Mélanie, akamtazama mtoto na kitunga, akakaa naye chini kwenye maji, akasema, "Pole, dada yangu. Pole sana." Lilikuwa neno la msiba. Hakuna aliyekuwa amemwambia pole mpaka siku ile, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa amekubali ulikuwa msiba.

Mwezi wa Aprili alimwita Constantin. "Kuya na buku yako. Unielezee."

Constantin alikuja siku tano, kila alasiri. Alibahatisha kila kitu kilikuwa cha somo gani, na vingi vilijionyesha vyenyewe. Msumari uliopinda ulikuwa pembe, unyoya ulikuwa ndege, kaa la betri lilikuwa umeme, na mbegu ya boga ilikuwa kuota kwa mimea. Uzi wenye fundo uliwachukua muda, mpaka alipouzungusha kwenye mdomo wa sufuria na kuunyosha, na Mélanie akaona jinsi ya kupima kitu cha mviringo. Aliuliza maswali yake yote. Hakumhurumia. Siku ya pili Constantin alibabaika, na unyoya ukarudi kitungani mpaka siku ya tatu.

Kilibaki kifungo. Constantin alikigeuzageuza, akafungua kitabu, akafunga.

"Hiki sijui, Mama. Masomo iko mingi. Inaweza kuwa yoyote."

Radjabu naye aliulizwa, kwa kuwa kilitoka dukani kwake. "Alikuya, akachagua. Nikamuuliza ya nini. Akasema, 'Papa, somo ya hii iko nguvu, nitaiacha ya mwisho.' Njo yote alisema."

Julai 1962 Germaine alishinda darasa la sita, wa nne kwa wote. Alikuja mbio kusema, akaruka uani mpaka akamwaga maji ya kuku. Mélanie alimkumbatia, akampa munkoyo wa kwanza wa chungu kipya. Kisha msichana, ambaye sasa alikuwa na haki ya kuuliza, akaonyesha kitunga msumarini. Kilikuwa chepesi kiasi kwamba upepo wa kiangazi ulikitikisa.

"Na ile moja ya mwisho, Mama? Tusiitafutie somo? Nitaisoma minye."

"Apana, Germaine. Ile iache," Mélanie akasema, akarudi kwenye kinu chake. "Ile iko na mwenyewe."